Hema Kando ya Kuja

Mpenda kambi anayetafuta mto wa kupigia picha hatauchagua Kuja. Kalenda za ukutani na mabango ya utalii yamemzoesha maji ya aina moja: maangavu, yenye kokoto zinazohesabika chini na mti ulioinamia ukingo. Kuja, unapofika Nyatike katika kaunti ya Migori, una rangi ya chai ya maziwa hata wakati wa kiangazi, na masika yakiingia hugeuka mwekundu kabisa. Ukitumbukiza mkono hadi kiwiko, vidole havionekani. Hata hivyo kingo zake zimelaza watu tangu kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe kufika eneo hili, na mpaka leo watu bado hulala hapo, kila mmoja kwa sababu yake: mvuvi, mchimbaji wa dhahabu, aliyefurikiwa na maji nyumbani kwake, na mara mojamoja msafiri wa kujistarehesha aliyebeba hema jipya lenye zipu.

Katika hao wote, ni huyo wa mwisho tu anayeuliza kama maji ni maangavu.

Mto wenyewe haukuzaliwa na rangi hiyo. Huanzia vilima vya Kiabonyoru katika kaunti ya Nyamira, ambako Abagusii huuita Gucha, na huko juu bado ni mkusanyiko wa chemchemi na vijito vyembamba. Kisha hushuka kupitia mashamba ya chai, ndizi na mahindi ya Kisii, katika miteremko iliyolimwa hadi karibu na maji kwa sababu ardhi imegawanywa kati ya baba na wana mara nyingi mno. Huingia nchi ya miwa ya Rongo na Awendo, huungana na mto Migori, na baada ya mwendo wa takriban kilomita 150 humwagika katika Ziwa Victoria, kusini mwa Karungu. Kila mvua kubwa inayopiga shamba lisilo na matuta huko juu huteremsha udongo kidogo. Mwenyeji wa Nyatike anayeteka ndoo asubuhi anateka pia sehemu ya shamba la mtu wa Nyamira ambaye hawajawahi kuonana.

Anayeushukia mto huo kutoka Osiri huanza safari kwenye kelele. Osiri Matanda ni mojawapo ya machimbo ya wachimbaji wadogo yanayojulikana zaidi katika kaunti ya Migori. Krasha husaga mawe kutwa, vumbi hutua juu ya mabati, na bodaboda hupita zikiwa na magunia ya mawe badala ya abiria. Miamba ya hapa ni mikongwe ajabu. Wanajiolojia huihesabu kwa mabilioni ya miaka, na dhahabu imejificha ndani yake katika mishipa myembamba ya kwazi. Osiri nayo, ukiitazama vizuri, ni kambi. Kuna vibanda vya mabati na turubai, majiko ya mkaa, vitanda vinavyolaliwa kwa zamu, na vijana waliotoka mbali kwa kuwa wamesikia shimo fulani limetoa. Shimo likikauka, wanafunga virago na kufuata tetesi nyingine. Msafiri mwenye hema akipita hapo anatazamwa kwa mshangao kidogo. Kwa nini mtu mwenye nyumba ya matofali mjini alipie mafuta ya gari aje kulala chini?

Akifika mtoni hawezi kujiamulia pa kulala. Kingo za Kuja zina wenyewe. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitenga ukanda wa angalau mita 6 kando ya mto, ambao unaweza kufika mita 30 kutegemea upana wa maji, ili usilimwe wala kujengwa. Lakini kivitendo ukanda huo hupitia katika shamba la fulani, na adabu inataka mgeni abishe hodi kwanza bomani, kisha kwa mzee wa kijiji, yaani jaduong'. Mazungumzo huenda hivi:

"Jaduong', tunaomba mahali pa kulala usiku mmoja."

"Mmeona pahali?"

"Pale chini, penye nyasi fupi."

"Pale si penu. Pale ni pa kiboko."

Nyasi zile fupi zilizomvutia mgeni hazikufyekwa na mtu. Kiboko hutoka majini giza likiingia, huchunga usiku kucha, na hurudi kabla ya mapambazuko kwa njia ileile. Njia yake ni rahisi kuitambua ukishaonyeshwa: mifereji miwili sambamba iliyokanyagwa na miguu ya kushoto na ya kulia, na katikati mgongo wa majani ambao tumbo lake halikuufikia. Atakayeweka hema juu ya mifereji hiyo atakuwa amelala barabarani. Ndiyo maana jaduong' huwaelekeza wageni juu zaidi, karibu na boma, ambako mto husikika bila kuonekana. Wengi hukubali shingo upande, kwa sababu picha waliyoijia iko chini kule.

Jambo la pili analojifunza mgeni ni maji ya kunywa. Mama wa boma huteka mapema, kabla ng'ombe hawajashuka. Maji hayo akiyamimina ndani ya mtungi, huchukua kipande cha shabu, ambayo wengi hapa huiita alamu, akakizungusha ndani kwa mkono mara chache, akakitoa, akakianika dirishani kwa matumizi ya kesho. Kwa dakika chache hakuna kinachotokea. Halafu maji huanza kugawanyika: chembe zilizokuwa zikielea peke yake hushikana kuwa mabonge madogo ya kahawia, mabonge huzama taratibu, na kutoka juu kwenda chini mwangaza hupenya. Sababu yake ni ya kikemia. Chembe za udongo hubeba chaji za umeme za aina moja, hivyo husukumana na kukataa kutua. Shabu huzipokonya uadui huo. Katika muda usiofika saa moja, mtungi huwa na maji ambayo mgeni angeyapiga picha, na chini yake tope la vidole viwili.

Mama huyo hayanywi bado. Huyachemsha, au huyatia dawa ya maji inayouzwa dukani, kwa kuwa anajua tope limeondoka ila mengine yamebaki. Kaunti ya Migori imeshapitia milipuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja, na vimelea vyake havina rangi. Vivyo hivyo kichocho, ugonjwa unaosumbua watu wengi wa mwambao wa ziwa. Konokono wanaoubeba hawapendi mkondo wa kasi wenye tope. Hupenda maji yaliyotulia, yenye majani pembeni, yaani kidimbwi kilekile ambacho watoto wa mjini wangekichagua kuogelea kwa sababu kinaonekana kisafi. Hapo jicho huanza kukosa kazi.

Watu wa kwanza kupiga kambi kando ya Kuja hawakusumbuliwa na rangi yake hata kidogo. Mnamo 1983, mwanaakiolojia Peter Robertshaw alifukua eneo la kale karibu na maporomoko ya Gogo. Katika tabaka za chini kulikuwa na vigae vya vyungu vya aina iitwayo Kansyore, jina lililotokana na kisiwa kilicho katika mto Kagera, pamoja na mifupa ya samaki na wanyama wa porini. Waliokula pale walikuwa wavuvi na wawindaji walioishi maelfu ya miaka iliyopita. Juu yao, katika tabaka za takriban miaka 2000 iliyopita, ikaja mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, na vifaa vya watu wanaoitwa na wataalamu Waelmenteita. Baadhi ya vifaa hivyo vilichongwa kwa obsidiani, jiwe jeusi la kioo cha volkano, lililotoka Bonde la Ufa upande wa Naivasha, karibu kilomita 200 kutoka hapo.

Watafiti waliokuja baadaye wameendelea kujiuliza kwa nini watu wa Kansyore walipenda kukaa penye maporomoko na mawe ya mtoni. Jibu linalokubaliwa na wengi ni chakula. Samaki wakubwa wa jamii ya fuani hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na penye mawe hukwama, wakavuliwa kwa urahisi. Kwa maneno mengine, kambi za kale zilifuata mafuriko. Msimu ambao mgeni wa leo angeahirisha safari kwa sababu mto umechafuka ndio uliowaleta watu hao.

Samaki anayeieleza vizuri zaidi tabia hiyo ni ningu. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika bonde la Ziwa Victoria na mito yake. Mdomo wake umetazama chini, una midomo minene, na hula kwa kukwangua yaliyomo juu ya mawe na tope. Kwa miezi mingi hukaa ziwani. Mvua za masika zikianza, mito ikivimba na kumwaga udongo ziwani, ningu hupanda kwa makundi kwenda kutaga katika nyasi zilizofunikwa na maji. Maji maangavu ya Januari hayamwambii kitu. Kwake yeye, tope ni mwaliko.

Wajaluo wa kandokando ya mito hii waliujua mwaliko huo zamani. Walijenga kek, uzio wa fito uliokatiza maji na kuacha milango ya vikapu vya kutegea, na familia zilihamia ukingoni kwa muda wa mavuno. Samaki walipasuliwa, wakakaushwa juani au juu ya moshi, wakawekwa akiba. P. J. P. Whitehead, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Kenya katika miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu kuhusu mitego hiyo na kuhusu samaki wanaopanda mito kutoka ziwani. Kufikia wakati huo, hata hivyo, hesabu ilikuwa imeshaanza kupotoka. Nyavu za kutega zililetwa katika Ziwa Victoria mwaka 1905, na wavuvi waligundua kuwa si lazima kungoja ningu afike juu mtoni. Unaweza kumziba mlangoni, akiwa bado na mayai tumboni. Mwaka 1965, D. A. Cadwalladr alichapisha makala kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu. Leo Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira umemweka katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa sana ya kutoweka.

Hapo kuna jambo la kutafakari kwa anayependa mito mizuri. Kek iliziba mto mzima na bado iliacha ningu kwa karne nyingi, kwa sababu fito huvunjika, mafuriko hupita juu yake, na mavuno yalikuwa ya wiki chache. Wavu mwembamba uliotegwa mlangoni mwa mto hauonekani kutoka ukingoni, wala hauharibu mandhari, na ndio uliomaliza samaki. Mpiga picha wa mwaka 1955 angeona uzio wa fito na kusema mto umeharibiwa. Angeona maji matupu na kusema uko salama.

Wapo wanaokata tamaa na Kuja na kusonga kaskazini, hadi bonde la Lambwe katika kaunti ya Homa Bay. Uamuzi huo una mantiki. Huko kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120, iliyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1966 na kupewa jina la sasa mwaka 1983. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina maeneo rasmi ya kambi, na mto Lambwe hupita humo ukielekea ziwani. Ni makao ya mwisho ya swala aina ya korongo wanaoishi porini nchini Kenya, na mbayuwayu wa buluu huja kukaa kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliana kusini mwa Afrika. Mandhari ni yale ya kalenda.

Lakini hata Ruma ilibaki pori kwa sababu ambayo kalenda haiitaji. Mbung'o, inzi anayeeneza malale na nagana, ndiye aliyewazuia wafugaji kulijaza bonde hilo ng'ombe na mashamba. Alama yake bado ipo: vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotundikwa vichakani, ambavyo ni mitego, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi hizo. Mgeni aliyenunua hema la buluu kwa sababu linapendeza penye kijani amejitengenezea mtego wa kulala ndani yake. Mwenye uzoefu huja na hema la rangi ya mchanga, na shati la kaki.

Anayebaki Nyatike, kwa upande wake, akae siku moja zaidi karibu na Osiri aone namna nyingine ya maji. Mawe yakishasagwa na kuwa unga, huoshwa juu ya ubao ulioinamishwa, uliotandikwa gunia. Maji hubeba mchanga mwepesi. Mzito, wenye dhahabu, hunaswa katika nyuzi za gunia. Gunia hukung'utwa ndani ya karai, na hapo huingia zebaki. Ni metali inayomiminika, nzito mara 13.6 kuliko maji, kiasi kwamba kichupa kidogo humshtua anayekiinua kwa mara ya kwanza. Mwoshaji, mara nyingi mama aliyechuchumaa, huichanganya na mchanga kwa mikono mitupu. Zebaki huokota chembe za dhahabu zisizoonekana, hushikana nazo, na kufanya bonge laini la rangi ya fedha. Bonge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huwekwa juu ya mkaa. Kwenye nyuzi joto 357 zebaki huchemka na kwenda zake hewani, na kinachobaki ni kipande cha manjano chenye vitundu, kinachopelekwa kwenye mizani na kuuzwa kwa pointi. Pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu.

Zebaki iliyokwenda hewani haikwenda mbali. Nyingine huingia kifuani mwa aliyeshika mkaa, nyingine hutua juu ya paa na ardhi, na mvua huipeleka vijitoni. Katika tope la chini, bakteria huweza kuibadilisha kuwa methili ya zebaki, sumu inayopanda ngazi ya chakula: kutoka mwani hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa, hadi mtoto aliye tumboni. Ukienda asubuhi kwenye dimbwi la kuoshea lililoachwa usiku kucha, utakuta tope limetua chini na maji ya juu yakiwa maangavu, mbingu ikionekana ndani yake. Hakuna shabu iliyotiwa. Na hakuna mwenyeji atakayekushauri uyachotee chai.

Ulimwengu ulijifunza hili kwa gharama huko Minamata, Japani. Mwaka 1956 madaktari walithibitisha ugonjwa wa ajabu wa neva miongoni mwa familia za wavuvi. Kabla yao paka walikuwa wameanza kupepesuka na kuanguka. Chanzo kilikuwa zebaki iliyomwagwa ghubani na kiwanda cha kemikali, na samaki waliovuliwa humo walionekana wa kawaida mezani. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulipewa jina la mji huo. Kenya iliutia saini mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi duniani mwaka 2017, na Kenya ikauridhia mwaka 2023. Kwa upande wa Migori, onyo lilitolewa mapema: mwaka 2002 Jason Ogola, Winnie Mitullah na Monica Omulo walichapisha utafiti kuhusu athari za uchimbaji dhahabu wa Migori kwa mazingira na afya, wakitaja zebaki, risasi na aseniki.

Si haki kumwachia mama wa karai lawama hiyo peke yake. Kabla yake kulikuwa na mgodi mkubwa wa Macalder, uliochimba dhahabu na shaba tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Ili kuupa umeme, kituo cha Gogo kilijengwa kwenye maporomoko ya Kuja mwishoni mwa miaka ya 1950, chenye uwezo wa megawati 2. Kambi ya wavuvi wa Kansyore ikapata jirani mwenye mitambo. Mgodi ulikufa, umeme ukaunganishwa na gridi ya taifa, na mabaki ya mchanga uliosagwa yakabaki Macalder, ambako wachimbaji wadogo wamerudi kuyaosha upya kutafuta chembe zilizoachwa. Mama huyo anapokea urithi wa watu waliokwisha kuondoka na faida yao. Angepata kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki, au njia ya kuosha isiyohitaji zebaki kabisa, na bei isiyomwadhibu kwa kuichagua, ni wazi angechukua ipi. Watoto wanaocheza kando ya mkaa ule ni wake.

Kuna kambi nyingine ambayo watalii huipita haraka. Kuja ukifika uwanda wa chini, Kabuto na Kadem, hauna tena bonde la kuushika. Masika yakizidi, mto huvunja kingo na kuingia vijijini. Ilitokea mwaka 2020, ikatokea tena 2024, na familia zilihamia shuleni, makanisani na chini ya mahema ya msaada. Kwa mtoto wa huko, hema ni kitu kinacholetwa na lori wakati magodoro ya nyumbani yanaelea. Akimwona mgeni akilitandaza kwa hiari yake, akicheka, akigongomea vigingi karibu na maji yaleyale, lazima ashangae. Udongo ule uliofukuza familia yake ndio pia unaorutubisha mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Kuja ya Chini. Wenyeji hawauiti mto huo mzuri wala mbaya. Wanataka kujua umepanda hadi wapi.

Je, basi mpenda kambi abaki nyumbani? Sivyo. Usiku mmoja kando ya mto unatosha kuona ratiba ambayo picha haiwezi kuionyesha. Kabla ya jua, mitungi. Kisha ng'ombe. Baadaye vijana wa mchanga, wanaouchota kwa sepetu na kuupakia lori. Alasiri, watoto wa shule huoga na kufua sare zao za buluu, zikianikwa juu ya miiba. Jioni, mvuvi mmoja na ndoana zake kadhaa, akitafuta mumi. Halafu kiboko. Kila mmoja ana saa yake, na kila mmoja anauacha mto tofauti kidogo kwa anayefuata. Atakayekaa akayaona haya ataacha kuuliza kama maji ni maangavu, aanze kuuliza yametoka kwa nani na yanakwenda kwa nani. Maswali hayo mwenyeji huyajibu vizuri kuliko kipimo chochote cha macho.

Ningu, kwa bahati, hajaisha kabisa. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, katika kituo cha Kegati huko Kisii, wamefanya kazi ya kumzalisha mabwawani, na katika mito ya ukanda huu bado huonekana masika yakianza, ingawa si kwa makundi ya zamani. Anayetaka kumwona aje Aprili, mvua zikishapiga Kisii siku kadhaa, amuulize jaduong' kama maji yamepanda, na hema aliweke juu, upande wa boma. Atakuta mto mwekundu, mzito, usiofaa kwa kalenda yoyote. Udongo wa Nyatike ni mweusi na hunata. Bodaboda hupandisha nauli siku hizo, na mwenye gari dogo ni heri aliache penye lami na kumalizia safari kwa miguu, akiwa na maji yake ya kunywa mgongoni.